Nani Humfundisha Anayefundisha Uandishi Chuoni?

Mwaka mpya wa masomo unapoanza, idara za lugha katika vyuo vikuu vya Nyanza na Magharibi mwa Kenya hukabiliwa na kibarua kilekile. Karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe anasomea uuguzi, ualimu au uhandisi, lazima apite darasa la stadi za mawasiliano, na wahadhiri wa kutosha hawapo. Hapo ndipo mwanafunzi wa uzamili au uzamifu huitwa. Hupewa muhtasari wa somo, orodha ya majina na kalamu ya ubao, kisha huambiwa darasa lake ni Jumatatu saa mbili asubuhi.

Mimi huratibu somo la uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili, somo la walimu watarajiwa, katika chuo kimoja kisicho mbali na Kisumu. Vijana hawa nimewapokea kwa miaka mingi na ninawaheshimu. Lugha wanaijua, na wengi wao huandika vizuri. Lakini kuandika ni kazi moja na kumfundisha mtu kuandika ni nyingine kabisa, na hii ya pili ni nadra sana kumkuta mtu ameifundishwa kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Muhula mmoja, mkufunzi mpya aliingia ofisini na rundo la insha, uso umemshuka. "Mwalimu, hawa hawajui kuandika," akasema. Nilichukua insha ya juu na kuhesabu alama za wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza: 31. Kando ya nyingi alikuwa ameandika neno moja, "sarufi!" Tukaketi, tukazisoma moja moja. Tisa kati ya alama hizo zilikuwa za kosa lilelile: "kitabu yenye nilisoma", "watu wenye walikuja", "shida yenye tuko nayo".

Mwandishi wa insha alikuwa msichana wa Seme, upande wa Kisumu, ambako Kidholuo ndiyo lugha ya nyumbani. Nilimuuliza mkufunzi, ambaye kwao ni Vihiga, kama anajua Kidholuo husemaje "kitabu nilichosoma". Hakujua. Tukamwita mwenzetu wa ofisi ya jirani. "Buk ma asomo," akajibu. Na "mtu aliyekuja"? "Ng'at ma obiro." Hiyo "ma" haijali kama kinachosemwa ni mtu au kitabu, lakini Kiswahili kinadai "-cho-" hapa, "-ye-" pale, "-o-" kwingine, kulingana na ngeli. Binti huyu alikuwa amejitafutia chombo kimoja cha kufanya kazi ya "ma", na wala hakukibuni yeye. "Mwenye" na "yenye" za namna hii utazisikia kwenye matatu yoyote ya Kenya, kutoka kwa watu wa kila kabila. Makosa tisa yalikuwa kosa moja, lenye sababu, na linafundishika kwa dakika ishirini ubaoni. Lakini "sarufi!" mara tisa haikumwambia binti huyo chochote cha kushika.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyehitimu sekondari jijini humo, na walimu wakajikuta na insha ambazo hawakujua pa kuanzia kuzisahihisha. Mina Shaughnessy, aliyeongoza mafunzo ya uandishi katika City College, kimojawapo cha vyuo vyake, alisoma insha zipatazo 4,000 za wanafunzi hao na kuonyesha kwamba makosa yao yalikuwa na mpangilio na mantiki yake. Marekani ndiko wanafunzi wa uzamili hubeba sehemu kubwa ya kufundisha uandishi wa mwaka wa kwanza, na idara nyingi huko humtaka mkufunzi mpya asome somo la ualimu wa uandishi katika muhula uleule anaofundisha. Huo ndio utaratibu ningetamani tuuige, kwa sababu mafunzo humfikia mtu akiwa na insha halisi mkononi.

Kwetu kuna la ziada ambalo mkufunzi hana budi kulielewa, nalo ni mahali mwanafunzi anakotoka. Karatasi ya insha ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yaani 102/1, ina alama 40: insha mbili za alama 20 kila moja, ya kwanza ikiwa ya lazima. Kwa miaka minne mtoto amefunzwa kwamba insha nzuri hufunguka kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, hupambwa kwa methali na misemo, na hufungwa kwa funzo. Alipata alama nzuri kwa hayo. Sasa yuko chuoni, ameambiwa aandike kuhusu gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji, katika Ziwa Victoria, naye anaanza, "Wahenga hawakukosea waliponena..." Mkufunzi hukata mstari juu ya aya nzima. Mwanafunzi huhisi ameadhibiwa kwa kile kile alichosifiwa juzi, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Mkufunzi aliyeandaliwa humweleza waziwazi kwamba hapa msomaji amebadilika: wa sasa anataka dai, ushahidi wa dai hilo, na jina la mtu aliyeutoa ushahidi. Akimwambia hivyo wiki ya kwanza, kilio kingi cha wiki ya kumi hakitakuwepo.

Basi sisi tulianza na jambo dogo. Kila Alhamisi saa nane mchana tunakutana kwa saa mbili. Anayeleta insha hufuta jina la mwanafunzi na kutoa nakala tano. Kila mtu husahihisha peke yake, kimya, kisha tunataja alama kwa sauti. Siku ya kwanza insha moja ilipata 8 kwa huyu na 15 kwa yule, kati ya 20. Kukawa na ukimya. Aliyetoa 8 alikuwa amehesabu makosa ya upatanisho. Aliyetoa 15 alikuwa amefuata hoja. Nani alikuwa sahihi? Tulibishana hadi mlinzi akaja kufunga jengo. Wasahihishaji wa mitihani ya kitaifa hawaanzi kazi kabla ya kulinganisha alama zao kwenye karatasi za majaribio, na mwalimu wa sekondari aliyewahi kuitwa kusahihisha anaujua utaratibu huo vizuri. Sioni kwa nini chuo kikuu kiwe na masharti mepesi kuliko hayo. Katika miaka yote sijaona mafunzo yanayombadilisha mkufunzi haraka kama mabishano haya juu ya ukurasa mmoja.

Kuna pia hesabu ya saa, ambayo wakuu wa idara huisahau. Darasa la wanafunzi 120, dakika kumi kwa kila insha, ni saa 20 za kusahihisha. Namjua kijana aliyekuwa akifundisha Kakamega asubuhi na Kisumu alasiri, akisahihisha ndani ya matatu huku insha zimelala mapajani, na ikifika Chavakali kalamu inaruka kwa matuta. Huyo huyo msimamizi wake anamdai sura ya pili ya tasnifu. Ushauri wetu kwake ulikuwa achague mambo mawili tu kwa kila kazi, kwa mfano dai na mpangilio wa aya, awaambie wanafunzi mapema kwamba ndiyo atakayoyatazama, na mengine ayaache hadi kazi ijayo. Mwanzoni mkufunzi huona haya kuacha kosa bila kuligusa, kana kwamba ameiba. Mwanafunzi naye, akipata mambo mawili badala ya 31, huyasoma.

Kutembeleana madarasani nako kunafaa, mradi anayekaa nyuma hakuja kama mkaguzi. Mimi huwaomba watazame kitu kimoja tu: mwalimu akiuliza swali, husubiri muda gani kabla ya kujijibu mwenyewe? Kuhusu programu za akili unde zinazoandika insha nzima kwenye simu, tumeona kwamba dakika 15 za kuandika kwa mkono darasani kila wiki humpa mkufunzi picha ya sauti halisi ya mwanafunzi, na hilo husaidia kuliko kuwinda wezi.

Mafunzo haya hayatakaa kama anayefunzwa anafanya kazi bila mkataba, au anasubiri malipo ya muhula mmoja hadi muhula wa tatu. Nimeshuhudia wakufunzi hodari wakiacha kwa sababu hawakuwa na nauli. Idara inayotaka Alhamisi kama yetu iziweke saa hizo mbili kwenye mkataba na izilipie kama inavyolipia saa za darasani, kwa sababu ni kazi.

Yule mkufunzi wa alama 31 alibaki nasi. Mwezi wa pili wa muhula aliniletea tena karatasi ya msichana wa Seme. Safari hii ilikuwa na alama tatu za wino, zote za "yenye", na kando ya sentensi "Gugumaji ni adui wa maendeleo" aliandika swali: "Adui wa nani? Umemwona wapi?" Nyuma yake kulikuwa na nakala iliyoandikwa upya. Aya ya kwanza ilianzia ufuo wa Dunga, mtumbwi wa mjomba wake umekwama siku tatu ndani ya majani, na mama yake amesimama ufuoni na karai tupu, akihesabu siku ambazo hakuuza samaki. Chini yake mkufunzi alikuwa ameandika, "Sasa tafuta aliyepima majani haya, utuambie yameenea kiasi gani."