Nasuka, lakini si msusi

Jumamosi alasiri utanikuta barazani kwa shangazi yangu, Makorora, Tanga, nasuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Siku nyingine nafundisha sarufi, huu mwaka wa 18. Majuzi jirani alipita na baiskeli, akapiga kengele: "Mwalimu, siku hizi umekuwa msusi?" Baraza zima likacheka, nami nikacheka, ila neno lenyewe nililala nalo. Ndiyo maradhi yetu watu wa sarufi.

Msusi ni wa nywele. Ukiaga kwamba unakwenda kwa msusi, hakuna atakayedhani unafuata mkeka. Lakini kitenzi ni kilekile, kusuka. Kiswahili kina njia kadhaa za kumtoa mtu ndani ya kitendo. Ya kwanza humalizia kwa i: pika ikazaa mpishi, andika ikazaa mwandishi, suka ikazaa msusi, k ikigusana na hiyo i hulainika. Ya pili ni ya -ji, kama mwimbaji na mchezaji, na hiyo hubeba mazoea. Ya tatu huishia na a, nayo aghalabu hutaka mwenzake: ukiniambia fulani ni "mpiga", nitakuuliza mpiga nini, picha au ramli? Mimi basi ningekuwa msuka mikeka. Aibu ni kwamba mkeka sijamaliza hata mmoja.

Wapo walionishauri niseme kusuka huku ni uraibu wangu, yaani kitu cha kujiburudisha. Lilikuwa neno la tambuu na tumbaku, burudani za kinywa, lakini leo ukilitamka watu wanawaza dawa za kulevya. Nikaliacha.

Nilichogundua ni kwamba jina silihitaji. Tazama "mimi ni mwalimu". Hiyo "ni" haina nafsi wala wakati; ni ileile kwangu, kwako na kwao, na jana huwezi kuisema mpaka ukope "kuwa". Imekaa kama kibandiko kwenye chupa. "Nasuka" ni kitu kingine: nafsi imo, wakati umo, na nikiweka ukili chini neno halinidai chochote. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika "nafsi ya kwanza" ubaoni bila kusita hata siku moja nikawaza kwamba nafsi hiyo ni mimi.

Nilipoanza nilikwenda na daftari. Nilitaka kuandika kila hatua, nikidhani nitafanya jambo la maana kwa msamiati. Mwanzo ulikuwa mzuri: ukindu huanikwa, ukachanwa chane nyembamba, nyingine zikachemshwa kwenye rangi, chane husukwa ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utoke. Majina yapo, nikayapanga. Kisha tukafika kwenye vidole.

"Shangazi, hapo unaposhusha chane chini ya mwenzake, panaitwaje?"

"Panaitwa hapo."

"Na namna hiyo ya kukunja ukingoni?"

"Unakunja hivi, mwanangu." Akakunja. Nikaandika: *unakunja hivi*.

Nyumbani usiku nilifungua daftari nikakuta kurasa 3 zimejaa "hivi". Mdomoni mwa shangazi neno lile lilikuwa na vidole kumi nyuma yake. Kwenye karatasi limebaki ganda. Lingine lililonusurika ni "kaza ndi!", na hilo angalau lina sauti, ukilisoma mkono unajibana wenyewe. Tanakali za sauti huwa nazipitia harakaharaka darasani. Nimekosea.

Daftari siendi nalo tena. Sasa namtazama tu, nakosea, ananipokonya, anafumua, ananirudishia. Ukindu ulioloweshwa kidogo unatii. Uliokauka unakatika na kukuchoma chini ya ukucha. Kuna dakika, labda kumi katika alasiri nzima, ambapo mikono inakwenda yenyewe na kichwani hakuna hata sentensi moja inayopita. Kwa mtu anayelipwa kuchambua sentensi, hiyo ni likizo ambayo hakuna mwajiri anayeitoa.

Jumamosi iliyopita yule jirani akapita tena. "Msusi wetu!" Nikamjibu, kwa raha ya mtu aliyeandaa jibu wiki nzima: "Hapana bwana, nasuka tu."

Shangazi hakuinua hata uso. "Kusuka gani? Huyu anakunja majani."