Kisu kisichokunjwa nacho huvunjika

Kuanzia Kilwa hadi Mikindani, wengi wanaoingia porini au baharini huamini kwamba kisu kisichokunjwa hakivunjiki, na kadiri kinavyokuwa kinene ndivyo kinavyofaa zaidi.

Imani hiyo ina msingi. Kisu cha kukunja kina kiungo, na kiungo hulegea, hushika mchanga na magamba ya samaki. Kisichokunjwa hakina udhaifu huo. Lakini uimara wake hutegemea sana msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Msuka ukiwa mfupi, au mpini ukiwa na uwazi wa kuwekea ndoana na kiberiti (visu vya namna hiyo ndivyo vinavyovutia macho dukani), kisu hukatikia pale kinapokutana na mpini. Unene nao una gharama yake: kitapasua kuni vizuri, ila kumpasua samaki kama changu kwacho ni taabu.

Kukagua si kazi. Tazama mgongo wa mpini: chuma kikionekana kimepita hadi mwisho, ni dalili njema. Sumaku isikubabaishe, maana hata visu vingi vya chuma kisichoshika kutu hunasa. Na hicho "kisichoshika kutu", chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, bado hufanya madoa kikiachwa na maji ya chumvi. Kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, ukikaushe, wala usikirudishe kwenye ala ya ngozi iliyolowa.

Kwa kufyeka kichaka chini ya mikorosho, panga la kawaida linakishinda kisu hicho.