Kasi ndiyo iliyopungua, namba haikupungua

Wiki iliyopita mama mmoja alimrudisha mwanawe wa darasa la tatu kupimwa macho. Mtoto haoni mbali, na tangu mwaka jana yuko kwenye matone ya kupunguza kasi ya tatizo hilo. Nilipoandika namba yake ya miwani, minus mbili, mama akafungua pochi, akatoa karatasi ya zamani na kuikunjua mezani: minus moja na robo tatu. "Daktari, si mlisema mtapunguza? Mbona imepanda?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno hapa Dar, na wazazi siwalaumu. Neno "kupunguza kasi" tuliwapa sisi.

Maana yenyewe ni fupi. Mtoto asiyeona mbali, jicho lake limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo mwanga wa vitu vya mbali unakutana kabla ya kuifikia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho la mtu mzima lina milimita 24 hivi. Likizidi milimita moja tu, namba inafika minus mbili na nusu au zaidi. Umri wa shule ya msingi ndio jicho hilo linapokimbia. Kupunguza kasi ni kulifanya lirefuke polepole.

Taabu iko kwenye "kupunguza". Mtu akisema "macho yangu yamepungua", ni habari mbaya, haoni kama zamani. "Namba imepungua" ni habari njema. "Kasi imepungua" nayo ni njema, ila namba bado inapanda. Vitu vitatu, kitenzi kimoja. Juu yake kuna ile alama ya minus: kwa hesabu za darasani minus mbili ni ndogo kuliko minus moja, na baba mmoja aliwahi kunishukuru kwa hilo, akiamini mwanawe anapona. Kumweleza ukweli kuliniuma.

Hata jina la tatizo linapotosha. Wagiriki waliliita myopia, kwa kile anachofanya mgonjwa, wakaunganisha kufumba na jicho, maana asiyeona mbali hukunja kope ili aone. Waingereza hutaja kilichobaki, kuona karibu. Sisi hutaja kilichokosekana: haoni mbali. Ndiyo maana ukitafsiri neno kwa neno ukaandika "uoni wa karibu", msomaji hudhani unazungumzia wazee na miwani ya kusomea. Tubaki na "haoni mbali". Mtoto wa minus mbili anaona sawasawa hadi nusu mita tu. Akisimama kituoni haisomi Mbagala kwenye paji la daladala, anaitambua kwa rangi ya mstari wake ubavuni.

Jicho lililokwisha kurefuka halifupishwi, kama kimo cha mtoto kisivyorudishwa chini. Matone ya atropini iliyozimuliwa sana, kati ya asilimia 0.01 na 0.05, hayalifupishi. Miwani na lenzi maalumu za watoto hazilifupishi. Zipo lenzi ngumu za kulala nazo, na hizo ndizo zinazovuruga watu zaidi: mtoto anaamka asubuhi anaona bila miwani, nyumba nzima inashangilia kwamba amepona. Lenzi imebonyeza konea, kioo cha mbele cha jicho, usiku kucha ikawa bapa kidogo, basi. Akiacha kuivaa, konea inarudi ilivyokuwa. Inachosaidia kwa miaka ni kasi, na njia zinazofanya vizuri huipunguza kwa karibu nusu. Hiyo si haba, kwa sababu minus sita na kuendelea ndiko hatari ya retina kubanduka na presha ya macho inakoongezeka zaidi.

Kucheza nje nako kuna mpaka wake. Huko Guangzhou, China, watoto waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu, na matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba wachache zaidi walianza kutoona mbali. Walianza, nasema. Kuchelewesha kuanza ni jambo moja, kupunguza kasi ya aliyekwisha kuanza ni jingine, na kwa hilo la pili jua halina nguvu ile ile. Mtoeni mtoto nje hata hivyo.

Na tafadhali, msiombe miwani ya namba ndogo "asizoee". Utafiti wa Malaysia wa mwaka 2002 ulikuta waliopewa miwani pungufu namba zao zilipanda haraka zaidi.

Turudi kwa yule mama. Nilichukua karatasi zake, ya mwaka juzi ikiwemo, nikazipanga: minus moja, minus moja na robo tatu, minus mbili. Kabla ya matone mtoto alipanda robo tatu kwa mwaka mmoja. Baada ya matone, robo. Aliziangalia kimya, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole. Nikamwomba kitu kimoja tu: baba wa mtoto akiuliza nyumbani, asimwambie dawa imepunguza namba. Amwambie namba inapanda, ila polepole kuliko mwanzo.