Je, korona ilisafisha hewa yetu?

Hapa Lubumbashi bado nasikia watu wakisema: mwaka 2020, dunia ilipojifungia, moshi uliisha. Siyo hivyo. Kilichopungua sana ni kile kilichotoka kwenye magari na ndege. Juu ya Wuhan na kaskazini mwa Italia, satelaiti zilionyesha naitrojeni dayoksaidi ikishuka, maana gesi hiyo hudumu hewani saa chache tu: injini zikizimwa, inatoweka.

Lakini injini siyo chanzo pekee. Migodi yetu haikulala. Shaba ya Kongo iliongezeka mwaka ule. Na jikoni je? Mama aliyefungiwa nyumbani na watoto sita, umeme umekatika, alipuliza mbabula, jiko letu la makaa (makala), asubuhi hadi jioni. Vumbi lile jeusi la makala huingia kifuani mwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Huo ndio moshi unaoniumiza roho, na hakuna amri ya kufunga mji iliyougusa.

Kaboni dayoksaidi nayo, gesi inayopasha dunia joto? Utoaji wake duniani ulipungua kwa takriban 5% tu, na kiasi kilichomo angani kiliendelea kupanda, kwa kuwa sehemu yake hubaki humo kwa karne nyingi.