Je, wajua kwa nini darasa zima huitikia "tumefahamu" kisha likakosea zoezi?

Mwalimu anamaliza mfano wake ubaoni, anageuka, anauliza: "Mmefahamu?" Darasa zima linaitikia: "Ndiyooo, mwalimu!" Iwe Makunduchi, Unguja, au Micheweni, Pemba, mwitiko ni huo huo. Baada ya zoezi anakusanya mabuku, anakuta rundo zima limekosea namna moja. Mwalimu mpya hudhani watoto wamemdanganya, au hawakuwa wakisikiliza. Mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Kuona haya kupo, ni kweli. Mtoto gani atasimama peke yake aseme "mimi sijafahamu" mbele ya wenzake sitini? Lakini sababu kubwa ni nyengine: mtoto mwenyewe hajui kwamba hajafahamu. Anapomtazama mwalimu akipiga hesabu, kila hatua anaiona na inamuingia bila taabu, kwa hiyo anajiona ameshaijua. Kumbe alichoweza ni kumfuata mwalimu tu.

Mwaka 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi yao walisoma habari fupi wakairudia kuisoma. Wengine waliisoma, kisha wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, wakashinda wale waliojitahidi kukumbuka. La kuzingatia ni kuwa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka.

Maalim wa chuo cha Kurani hamuulizi mtoto kama ameijua sura. Humsikiliza akisoma mwenyewe, na kama bado, hamvushi. Skuli nako mwalimu anahitaji kitu cha namna hiyo: ushahidi wa macho yake kutoka kwa kila mtoto, kabla ya kusonga mbele.

Tuchukue kujumlisha sehemu. Badala ya "mmefahamu?", andika ubaoni ½ + ⅓, na chini yake majibu matatu: la kwanza 2/5, la pili 5/6, la tatu 1/6. Usimtaje mtu jina. Ukisema "Asha, nambie," wengine wote wanapumzika papo hapo. Waambie wafikiri kimya, nawe unyamaze kweli. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aligundua kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumuita mwengine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi wakajitokeza. Kwa hesabu kama hii toa hata nusu dakika. Kisha kwa ishara yako, wote kwa pamoja, waoneshe kidole kimoja, viwili au vitatu, mkono ukiwa kifuani. Mkono ukiwa juu, wa nyuma ataiga wa mbele.

Majibu hayo hayakuwekwa ovyo. Anayeonesha kimoja amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kama nambari za kawaida. Huyo usimrudishie kanuni ya KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) kwa sauti kubwa zaidi, haitamsaidia. Muulize: 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ndogo? Ni ndogo. Sasa umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukapata pungufu ya nusu. Yawezekana? Hapo mpe karatasi aikunje sehemu sita sawa: nusu ni tatu, theluthi ni mbili, jumla tano. Anayeonesha vitatu ametoa badala ya kujumlisha, na huyo mara nyingi anahitaji kusoma swali upya tu.

Ukiona zaidi ya theluthi ya darasa wamekosa, simama, fundisha tena kwa njia nyengine. Wakiwa wachache, wape wengine zoezi, nawe kaa na hao. Kosa ambalo huharibu kazi yote ni kuona vidole vya makosa kisha kuendelea kwa sababu mada lazima iishe. Kosa jengine ni kumcheka au kumkemea aliyekosa: siku ya pili watoto wataficha mikono, na hapo umepoteza macho yako.

Kuna mtego wa lugha pia. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo mtoto akinyamaza, huenda jambo analijua na neno ndilo limempotea. Mwache alieleze kwanza kwa Kiswahili. Akilieleza sawasawa, kilichobaki ni kumpa msamiati, nao una dawa yake mbali: maneno matano au sita ya mada yaandikwe pembeni mwa ubao, yabaki hapo kipindi kizima.

Na kwa kuwa la leo husahaulika upesi, zitenge dakika tano za mwanzo wa kipindi kwa maswali matatu bila kufungua mabuku: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wajibu kwa kuandika, wasahihishe wenyewe, wala usiwape alama. Alama zikiingia, wataanza kuibiana majibu, na wewe hutajua tena nani amesahau nini.

Baada ya wiki chache, muombe mwalimu mwenzako akae nyuma ya darasa na ramani ya madawati, atie alama kwa kila mtoto uliyemsemesha. Mara nyingi alama hujazana safu za mbele na katikati. Kesho yake anza kuuliza kutoka pembe zilizobaki tupu.