Begi jipya la kamera: dhana zinazokula pesa za wapiga picha wa Goma

"Mukubwa, nirudishie zote zenye zilipotea, pengo isibakie." Maneno hayo nimeyasikia mara nne mwezi huu mezani kwangu hapa Birere, kutoka kwa watu wanne wasiojuana. Ya nne ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Wapiga picha wengi wa mji huu wanajenga upya. Kuna walioporwa Januari 2025. Kuna waliouza lenzi moja baada ya nyingine ili watoto wale. Kuna aliyesahau begi kwenye pikipiki, motari akapotelea upande wa Signers. Nawaonea uchungu wote, na ndiyo maana inaniuma kuona pesa ya harusi sita ikiishia kwenye lenzi itakayolala kabatini.

Dhana yenyewe ni hii: begi kamili ni lile lenye milimita zote (namba za lenzi: ndogo inaona pana, kubwa inavuta mbali) zikifuatana bila kukatika, 16-35, kisha 24-70, kisha 70-200, na aliyepoteza vitatu lazima arudishe vitatu. Mtu anakuja na orodha kwenye simu, anaisoma kama madai ya bima, na ukimuuliza ataanza kupiga nini wiki ijayo anakuambia hilo tutalizungumza baadaye.

Hapana, tulizungumze kwanza. Orodha ile inaonyesha ulichonunua kwa miaka kumi. Ulichotumia kimeandikwa mahali pengine, ndani ya picha zako za zamani. Kila faili iliyotoka kwenye kamera inabeba milimita, upenyo (tundu la mwanga, huandikwa f/, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Tafuta diski yako ya zamani, au rudi kwa wateja wako uombe flashi diski uliyowapa. Usilete picha za WhatsApp, kwa sababu zikipita huko kama picha za kawaida taarifa hizo zinafutwa. Zifungue kwenye Lightroom, au kwenye digiKam ambayo ni ya bure, zipange kwa milimita, kisha uhesabu.

Kijana mmoja wa harusi alikuja akitaka 70-200 ya f/2.8 kabla ya kitu kingine chochote. Nikamkatalia mpaka tuhesabu. Alirudi na flashi diski aliyoiazima kwa dada mkubwa wa bibi harusi, tukakaa nayo saa nzima. Kanisani na ukumbini karibu kila kitu kilikuwa kati ya 24 na 50. Lenzi ile ndefu ilitoka begini wakati wa viapo na pete tu, na hata hapo picha nyingi zilikuwa kwenye 70 hadi 100. Alikuwa amebeba kilo moja na nusu miaka mitatu kwa ajili ya kazi ambayo lenzi ya 85 f/1.8 ingeifanya, nayo haifiki nusu kilo, bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile, na inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Alinyamaza kidogo, kisha akafuta mstari wa kwanza wa orodha yake.

Sasa hilo pengo linalowatisha. Ukiwa na 85 mita tatu kutoka kwa mtu, ukibadilisha ukaweka 50 utasogea hadi karibu mita 1.8 ili abaki na ukubwa uleule kwenye fremu. Ni hatua mbili. Ni kweli kwamba ukisogea hivyo sura inabadilika, pua inakua na masikio yanarudi nyuma, kwa hiyo kwa uso peke yake bado nakuambia tumia 85. Lakini kwa mtu mzima mzima, kwa watu wanne wamesimama na keki, miguu yako inaziba pengo la 35 hadi 85 na hakuna mteja atakayekuuliza 50 iko wapi.

Pengo linaumiza pale ambapo miguu haiwezi kwenda. Mgongo ukigusa ukuta wa sebule huko Majengo na wakwe kumi na wawili wamejipanga mbele yako, tofauti ya 35 na 24 ni tofauti ya kumkata shangazi au kumweka: ya 35 inaona nyuzi 63 kwa mshazari kwenye fremu kamili (kamera yenye sensa kubwa), ya 24 inaona nyuzi 84. Na ukiwa unapiga jukwaa ambalo walinzi hawakuruhusu kulikaribia, hapo lenzi ndefu ni chakula chako, inunue bila kuniuliza. Ndiyo maana nauliza kazi kabla ya lenzi. Kwa wengi wanaoishi kwa harusi, ubatizo na picha za pasi, zoomu moja ya kawaida na lenzi moja ya 85 zinatosha kuanza tena, na pesa inayobaki iende kwenye mwanga.

Nasema mwanga nikifikiria mji huu hasa. Goma imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ile ya Mei 2021 ikasimama Buhene, na kabla ya hizo ni lava juu ya lava. Jiwe jeusi linameza mwanga. Mwenzako anayepiga picha kwenye mchanga mweupe anapata mwanga unaorudi kutoka chini na kujaza kivuli cha macho bure. Wewe saa sita mchana, bibi harusi amesimama juu ya mawe karibu na ziwa, huna kinachorudi. Macho yake yanakuwa mashimo mawili. Na kipimo cha kamera, kikiona weusi umejaa fremu, kinafikiri giza limeingia, kinaongeza mwanga, na gauni jeupe linaungua mpaka lesi yote inapotea. Shusha fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) hadi -1 na uiangalie lesi kwenye skrini kabla ya kuendelea. Kisha mtandikie miguuni, nje kidogo ya fremu, mita mbili za kitambaa cheupe cha shuka. Utaona kidevu kinafunguka na macho yanapata uhai mbele yako. Mita mbili za shuka! Nimewaambia watu jambo hili mpaka sauti imenikauka, na bado wanatoka hapa kwenda kutafuta lenzi ya tatu.

Baada ya shuka, nunua flashi moja yenye kichwa kinachogeuka, stendi, mwavuli mweupe, na betri nane za kuchaji, nne ndani na nne mfukoni. Jihadhari tu na kumbi zetu zenye vitambaa vya rangi darini: ukielekeza flashi juu kwenye kitambaa cha zambarau, mwanga unarudi zambarau na ngozi za watu zinakuwa hivyo hivyo. Hapo mwavuli pembeni ndio unaokuokoa.

Nimelikalia hilo muda mrefu kwa sababu ndilo linalowafilisi watu. Mengine nitayapitia haraka.

"Nianze na mwili wa fremu kamili, lenzi itafuata." Lenzi haifuati. Inafuata kodi ya nyumba, inafuata karo, na mwili ule mzuri unabaki mwaka mzima na lenzi ya f/3.5-5.6 iliyokuja nao. Hesabu ni rahisi. Sensa ya fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, ile ndogo ya APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6, kwa hiyo eneo linalopokea mwanga linazidi mara mbili na kidogo tu. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Ukumbi ukiwa na taa tatu na jenereta inayokohoa, mwili wa zamani wenye lenzi ya 50 f/1.8 utakuletea picha safi kuliko mwili mpya wenye lenzi ya giza. Miili inashuka bei kila mwaka, lenzi nzuri inashika bei yake.

"Kamera zenye kioo ndani (DSLR) zimekufa, ukinunua umetupa pesa." Kampuni zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, hilo kweli, Canon na Nikon zote mbili zilileta maunti mpya (mdomo wa kamera unaoshika lenzi) mwaka 2018. Lakini kamera ya zamani haijaacha kupiga picha siku hiyo, na kuhama kwa wengi ndiko kunakoleta sokoni vifaa vizuri vya mkono wa pili kwa bei tunayoiweza. Ila kabla ya kuchagua, fikiria kesho. Lenzi za Canon EF, za kamera zenye kioo, zinafanya kazi kamili kwenye miili mipya ya R kwa adapta ya kampuni, fokasi na yote. Kwa Nikon soma herufi: adapta ya FTZ inaendesha fokasi ya lenzi za AF-S na AF-P, lakini AF-D, zile zinazozungushwa na mota iliyo ndani ya mwili, utazifokasi kwa mkono. Mwezi uliopita mama mmoja wa studio alikuja na AF-D mbili alizouziwa kwa neno "inaingia." Kuingia iliingia.

"Lenzi yenye kituliza mtikisiko haihitaji upenyo mkubwa." Kinatuliza mkono wako. Wanaocheza hawatulii. Mtu anayeruka kwenye densi anataka shata ya 1/250 au zaidi, na hiyo unailipa kwa upenyo, ISO au flashi.

"Kadi nzuri ni yenye GB nyingi." Namba kubwa iliyoandikwa mbele, 170 au 200, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Kwa video tafuta alama V30: inamaanisha kadi haitashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Nunua mbili za 64 badala ya moja ya 128, ili kadi ikifa harusi isife nzima. Na kadi za bandia zimejaa. Zinaonyesha 128 huku ndani zina 8, na picha zinaanza kujiandika juu ya hewa katikati ya sherehe. Ijaribu siku ya kuinunua kwa H2testw au F3, zote za bure, mpaka ijae kabisa, kabla hujaipeleka kazini.

"Nitafuta vumbi kwa shati." Tafadhali sana, usifanye. Vumbi letu ni lava iliyosagwa na magurudumu, chembe zake zina ncha. Ukilisugua kwenye kioo unapiga msasa. Puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, lenzi ikiwa imeelekezwa chini, kisha brashi laini, kitambaa mwisho kabisa. Usipulize sensa kwa mdomo; nimesafisha mate yaliyokaukia pale mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

"Shata imepiga chache, basi kamera ya mtumba ni nzima." Hesabu ya shata ina maana yake, Nikon D750 kwa mfano shata yake ilijaribiwa hadi mara 150,000. Lakini hapa karibu na ziwa, kinachoua begi la mtumba ni kuvu ndani ya lenzi, na hesabu ya shata haikuambii lolote kuhusu kuvu. Nenda na tochi ya simu yako. Fungua upenyo wote, weka tochi upande wa nyuma, tazama kutoka mbele kwa mshazari, na uizungushe lenzi polepole hadi irudi ilipoanzia. Chembe mbili tatu za vumbi hazina neno. Ukiona nyuzi nyembamba zimetanda kama utando wa buibui kutoka ukingoni, mrudishie mwenyewe hata kama amepunguza bei nusu, na usiiweke begini pamoja na ile uliyo nayo hata kwa njia ya kurudi nyumbani.