Wavu chini ya Golden Gate: kwa nini daraja la zamani halikubali uzio wowote tu

Watu wasio wahandisi huniuliza sana swali moja kuhusu daraja la Golden Gate la San Francisco: ilikuwaje daraja lililofunguliwa mwaka 1937 likakaa hadi Januari 2024 ndipo wavu wa kuzuia watu kujiua ukakamilika? Jibu la mkato ni fedha na ubishi. Jibu la mhandisi ni refu kidogo, na linaanzia kwenye upepo.

(Kabla sijaendelea: kama mada hii inakugusa wewe mwenyewe au mtu wako wa karibu, iache kwanza. Mpigie mtu unayemwamini, au nenda kituo cha afya leo hii. Makala haikimbii.)

Daraja la kuning'inia ni refu na jembamba. Kati ya mnara na mnara, Golden Gate lina mita 1,280, na sakafu yote hiyo imeshikiliwa na nyaya. Upepo ukilipiga ubavuni, kila kitu kilichosimama pembeni kinahesabika. Mwaka 1940 daraja la Tacoma Narrows, huko huko Marekani, lilianguka miezi minne tu baada ya kufunguliwa. Mojawapo ya sababu ni kwamba mihimili yake ya pembeni ilikuwa mabamba ya chuma yasiyopitisha upepo. Golden Gate lenyewe lilitikiswa na dhoruba ya mwaka 1951 hadi likafungwa, na baadaye likaongezewa chuma cha kulikaza kwa chini. Kwa hiyo mtu akiniambia "si muinue tu kingo zile", moyoni nasema: haya, njoo na hesabu ya upepo.

Hesabu hiyo ilifanywa. Kabla ya uamuzi, mapendekezo mbalimbali, yakiwemo ya kuinua kingo, yalijaribiwa kwa modeli iliyopulizwa upepo maabara. Mwaka 2008 bodi ya daraja ilichagua wavu. Umetengenezwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu, uko takriban mita 6 chini ya njia ya waenda kwa miguu, na unachomoza mita 6 kwenda nje, pande zote mbili za daraja. Anayetembea juu bado anaiona ghuba kama zamani, jambo lililowatuliza wengi waliolilia mandhari. Wala usidhani ni neti laini ya sarakasi. Ni chuma, kuangukia kunaumiza, na wahusika walilisema hilo waziwazi kwa sababu lengo la kwanza ni mtu asijaribu kabisa.

Ili daraja livumilie nyongeza hiyo kwenye upepo mkali, kingo za upande wa magharibi nazo zilibadilishwa, zikawekwa fito nyembamba zaidi, kama 12,000 hivi. Mwaka 2020 zikaanza kuimba. Upepo ukivuma kutoka baharini, mlio unasikika hadi mitaani mwa jiji, na wakazi wakalalamika. Dawa waliyoipata wahandisi ni vibanio vyenye mpira vya kuzuia fito zisitetemeke. Naipenda habari hii kuliko michoro yote ya mradi, maana inaonyesha jinsi ukigusa kipande kimoja cha daraja la zamani, kingine kinajibu. Hata majukwaa yanayotembea chini ya daraja, ambayo mafundi huyatumia kupaka rangi na kukagua, yalibidi yatengenezwe upya kwa sababu wavu uliyazibia njia. Gharama ikapanda hadi zaidi ya dola milioni 220, wakati fedha zilizoidhinishwa mwaka 2014 zilikuwa milioni 76.

"Lakini si ataenda kwingine?" Hili nalo halikosekani, na waliopinga kinga walilishikilia kwa miaka mingi. Mtafiti Richard Seiden wa Chuo Kikuu cha California alifuatilia watu 515 waliozuiwa kwenye daraja hilo hilo kati ya 1937 na 1971. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yalionyesha kwamba takriban asilimia 94 walikuwa bado hai au walikuwa wamekufa kwa sababu za kawaida. Wengi wanaofika mahali kama pale wamo katika saa mbaya, na saa ile hupita. Kinga ya chuma inanunua muda huo.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi, hata hivyo, unatoka Auckland, New Zealand. Daraja la Grafton ni la zege, la mwaka 1910, na limo katika orodha ya urithi wa nchi. Lilikuwa na kinga kwa takriban miaka 60. Mwaka 1996 zikaondolewa, na vifo vikaongezeka mara tano. Mwaka 2003 zikarudishwa nyingine bora zaidi, na watafiti waliofuatilia miaka iliyofuata hawakukuta kifo hata kimoja pale. Huko Bristol, Uingereza, daraja la Clifton la mwaka 1864 liliwekewa uzio wa nyaya mwaka 1998. Vifo vilipungua kwa nusu. Havikuisha, na mimi naamini sababu mojawapo ni kwamba uzio haukufika kila mahali, kwa kuheshimu sura ya jengo la kihistoria.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaoanza na mabango, kamera na simu za msaada, halafu wakaahirisha chuma. Doria zimeokoa wengi Golden Gate na lazima zibaki. Ila askari hawezi kuwa kila mahali, tena usiku, kwenye ukungu. Ningekabidhiwa daraja la aina hii kesho, ningewaita watu wa urithi na wataalamu wa afya ya akili mezani kabla mstari wa kwanza haujachorwa, na fedha za mwanzo kabisa ningezipeleka kwenye kipimo cha upepo.